Malalamiko Dhidi ya Vitabu Vizima

Hewa Bora, Lubumbashi
Tarehe 6 Julai

Kwa Yaya Martine, dada yangu mkubwa, mkurugenzi wa shule huko Likasi na, kwa kujiteua mwenyewe, waziri wa vitabu vya likizo katika familia yetu.

Kuhusu: agizo lako la Jumapili iliyopita

Yaya mpendwa,

Najua unapenda barua yenye tarehe na mistari iliyonyooka, kwa hiyo hii nimeiandika mara mbili. Ile ya kwanza nimeigeuza kiolezo cha kola. Sisi hapa ni wazima. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi cherehani inagoma mpaka niibembeleze, lakini wateja wapo.

Jumapili uliandika kwenye kundi la familia maneno haya, nayanukuu yalivyo: "Mwaka huu kila muntu achague kitabu yake mwenyewe, muzima. Bipande biishe." Ndugu zetu wakaunga mkono: Clovis akaweka kidole gumba. Syntiche akaweka viwili. Mimi, mdogo wako, fundi wa nguo mwenye miaka ishirini kwenye kazi, sikuweka kitu, kwa sababu malalamiko yangu hayaenei kwenye simu. Nayaleta hapa kwa namba, kama unavyowadai walimu wako.

1. Agizo hili linavunja desturi uliyoianzisha wewe mwenyewe. Nikukumbushe. Miaka mitano iliyopita, Agosti ya kwanza baada ya kumzika Baba, tulikutana kwa Mama kule Kambove, watoto wote wanne, na tulikuwa hatusemezani tangu ugomvi wa nani achukue redio yake. Nyumba nzima ilikuwa na kitabu kimoja tu, ile riwaya ya Baba isiyo na jalada, ya Anselme mkuu wa stesheni aliyewaahidi ndoa wanawake wawili, mjane na mshonaji, na sasa wote wawili wamo ndani ya treni moja inayokuja kwake. Kila mmoja wetu akakitaka. Ukaniambia, "Michée, leta makasi." Nikakikata vipande vitano, nikavishona kwa uzi wa suruali. Vinne vikawa vyetu, vya kubadilishana. Cha tano, chenye mwisho wa hadithi, Mama akakilaza chini ya mto wake hadi sote tuwe tumemaliza vile vinne. Ilikuwa hukumu nzuri, na mimi niliisifu. Leo unaiita fujo.

2. Kitabu kizima kinamfanya mtu awe bubu. Mwenye kipande cha tatu hana budi kumwuliza mwenye cha kwanza huyu mjane ametoka wapi. Clovis alikuwa hajanisemesha miezi minane. Siku ya pili ya likizo ile alikuja hadi kwenye babula ya makaa nilipokuwa naota moto, akasimama, akakohoa, akasema, "Michée, uyu Anselme iko na bibi tayari ao hapana?" Nikamjibu. Tukaongea mpaka bukari ikaungua sufuriani. Nilifurahi, Yaya, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Angekuwa na kitabu kizima angejijibu mwenyewe, na mpaka leo tungekuwa tunasalimiana kwa kidevu.

3. Mama. Tunamsomea kwa zamu, kila mmoja kipande alicho nacho, bila kufuata mpango wowote. Unakumbuka alivyotusimamisha, miwani mkononi: "Uyu bwana alikufaka siku ya lundi, namna gani leo anakula ndizi?" Alicheka hadi akashika ukuta. Tangu msiba sikuwa nimemwona akicheka. Msomee hadithi iliyonyooka uone, atasinzia kwenye ukurasa wa pili, na lawama zitakuwa zako.

4. Wizi. Likizo ile ya kwanza haikutosha, tukaachia njiani. Mwaka uliofuata tukamaliza vipande vinne, tukaenda kwa Mama kudai cha tano, naye akainua mto, na chini yake hakuna kitu. Tulikung'uta magodoro. Tulimhoji jirani anayeuza mikate ya kukaanga, kwa sababu anaifunga kwenye karatasi. Clovis alimshuku mbuzi. Mama ndiye aliyetafuta kwa bidii kuliko sote, hata ndani ya sufuria. Unasema hilo ndilo limekuchosha, miaka minne bila kujua Anselme anamwoa nani. Lakini angalia matokeo. Kila Jumapili baada ya misa tunapigiana simu kubishana, wewe na Syntiche upande wa mjane, Clovis na mimi upande wa mshonaji (mimi kwa sababu za kikazi). Redio ya Baba hakuna anayeitaja tena. Hata hivyo wizi ni wizi, na mwizi lazima aadhibiwe.

5. Hili la mwisho ndilo linaloniumiza. Clovis ameshapata kitabu chake, cha ufugaji wa kuku, na amesema atakisomea kwake Annexe, kwenye kuku. Syntiche anataka kwenda na chake Kolwezi kwa rafiki yake. Kitabu kizima hakihitaji Kambove. Nadhani hukulifikiria hilo ulipokuwa unaandika, na ndiyo maana sikukasirika sana.

Kwa sababu hizo, naomba rasmi mambo matatu:

(a) Agizo lifutwe kabla ya mwisho wa mwezi huu.

(b) Kitabu chochote kitakachoingia katika familia yetu kipitie kwanza kwangu kikatwe, pamoja na kitabu cha kuku cha Clovis, vitabu vya shule vya watoto na kile cha mapishi cha shemeji. Biblia ya Mama peke yake isamehewe, ingawa nimeipima kwa macho na ingetoa vipande kumi na viwili vizuri kabisa.

(c) Mwizi wa kipande cha tano, siku atakapojulikana, asichague kitabu cha likizo maisha yake yote. Anyamaze wengine wanapochagua, na asome anachopewa. Hapa sitaki huruma, hata akiwa ndugu wa damu.

Nisalimie shemeji, watoto, na walimu wako wote, hata yule wa hesabu ambaye suruali yake bado iko hapa kwangu. Mwambie upindo umebaki mguu mmoja.

Ni mimi mdogo wako, ninayelalamika kwa heshima zote,

Michée
Fundi wa nguo

Nyongeza. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua. Kipande cha tano kiko hapa, ndani ya droo ya cherehani, chini ya vifungo. Sikukiiba. Asubuhi ya kuondoka, likizo ile ya kwanza, Mama alikitia mwenyewe mfukoni mwa koti langu, akaniambia, "Beba hii, ufiche kwako. Siku batajua mwisho, nani atarudia tena kuniona?" Nikabeba. Sijakisoma, uzi wake ni uleule niliofunga siku ile, waweza kuukagua. Lakini kuficha nimeficha, kwa hiyo ombi langu la (c) linanihusu, na adhabu nimeikubali. Mama naye, kwa sheria hiyohiyo, hatachagua, ingawa sijui ni nani kati yetu atakayemwambia. Kitabu cha mwaka huu chagua wewe, na kiwe kizima ukitaka, nami nitasoma utakachonipa. Naomba tu tukisomee Kambove, sote wanne, na kiwe kinene.