Wapiga Muziki wa Stendi Wapewe Ukumbi Ili Wachokwe

Stendi ya Mabasi,
Sumbawanga.
Juni, 1976.

Ndugu Afisa Utamaduni wa Wilaya,

Shikamoo. Mimi ni Halfani Yunusu, mkata tiketi wa hapa stendi. Nakuandikia kwa adabu, bila hasira yoyote, kuhusu Wilibrodi na dada yake Luciana, wakulima wa Kaengesa, ambao wanatuharibia utaratibu kwa muziki.

1. Mwanzo wao haukuwa na ubaya. Walikuwa wanakwenda Muze kwenye harusi ya binamu yao, basi likavunjika springi hapa stendi. Njaa ilipowabana, Wilibrodi akatoa zeze. Luciana akaweka kigoda juu ya chungu, akakisugua mpaka chungu kikanguruma kama lori linalopanda mlima. Kofia wakaiweka chini. Watu wakatia mahindi ya kuchoma, viazi, na mmoja akatia kuku mzima, tena hai. Basi lilipopona nilipuliza filimbi. Hakupanda mtu. Liliondoka tupu, na nasikia harusi ya Muze ilifungwa bila muziki.

2. Tangu siku hiyo abiria hawasafiri. Mtu anakata tiketi, anasikiliza, basi linamwacha, anakata nyingine. Kampuni imenisifu kwa juhudi. Sifa hizo si zangu na zinanikosesha usingizi.

3. Nilimpelekea shauri balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Leonsi. Alikuja amekunja uso, akasema, "Ndugu zangu, huu ni uzururaji." Luciana akamjibu, "Shikamoo baba. Tupigie makofi kidogo tu, halafu tunaondoka." Mzee akapiga. Ulikuwa wimbo wa kuvuna ulezi, wa Kifipa, ambao mama wa Mzee Leonsi alikuwa akiuimba. Mpaka jua linazama alikuwa bado anapiga.

4. Wewe mwenyewe, Ndugu Afisa, ulipokuja kukagua ulinipa koti nikushikie ukacheze. Bado ninalo.

5. Hili ndilo kubwa. Mke wangu Mwantum, tangu tumzike mwanetu Huseni mwaka juzi, alikuwa hatoki nje wala hasemi neno lisilo la lazima. Nami nilikwishazoea. Nyumba ya kimya haina usumbufu. Siku moja akaniletea chakula stendi, akasimama kusikiliza. Kisha akaweka sahani chini na kuimba nao, kwa sauti ambayo nilidhani tumeizika pamoja na mtoto. Sasa anaimba akipepeta ulezi, anaimba akifagia. Juzi aliniuliza, "Baba Huseni, wewe utakaa nyuma ya dirisha hilo mpaka lini?" Je, mtumishi aliye kazini aulizwe swali kama hilo? Nililia mbele ya abiria, jambo ambalo kanuni za kampuni haziruhusu.

Siombi wafukuzwe. Wakifukuzwa, mji mzima utawafuata. Naomba wapewe ukumbi, sare, na viti vya mbele kwa wageni rasmi. Kila wimbo utanguliwe na hotuba. Iundwe kamati ya kuchagua nyimbo, na kamati ndogo ya kuisimamia kamati. Nina hakika watu watawachoka upesi, abiria watasafiri, na mimi nitarudishiwa kimya changu.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na wote wa ofisini hata yule wa mlangoni asiyeitikia. Mwantum naye anawasalimu. Salamu zake ameziimba, kwa hiyo sijui namna ya kuziandika.

Ni mimi, mjenzi wa nchi kupitia dirishani,
Halfani Yunusu

N.B. Nilipokuwa nafunga bahasha, Wilibrodi amekuja kukata tiketi za kurudi Kaengesa. Amesema, "Kaka Halfani, tumekaa vya kutosha, ulezi unatusubiri shambani." Nimemwambia basi la kesho limejaa. La keshokutwa nalo nimelijaza. Tafadhali, akija kwako kuulizia usafiri, mwambie barabara imekatika.