Anwani ya Mama Modesta

Lushoto nzima hakukuwa na mtu mwenye maneno matamu kama Silvano. Katika kikundi cha wakulima wa peasi wa Soni alijiandikisha kwa mti mmoja, nao ulikuwa wa jirani. Tawi tu ndilo lililovuka uzio.

Kikundi kilikuwa na orodha yake ya barua pepe. Ukituma barua pale, mtambo huangalia anwani ya mtumaji. Ikiwa ni ya mwanachama, huisambaza barua kwa wote. Hauulizi nywila wala kitambulisho. Siku Silvano alipogundua kwamba kwenye nafasi ya mtumaji mtu anaweza kujiandikia anwani yoyote aitakayo, alimshukuru Mungu kwa kumleta duniani karne hii. Tuseme kweli, Mungu hakuhusika.

Akaandika kwa anwani ya mwenyekiti, Mama Modesta: wapendwa, Alhamisi leteni peasi zenu Soni, mpeni Silvano mali kauli, akishauza Muheza atawalipa. Mpango ulikuwa apakie mavuno ya watu kwenye fuso, ateremke Mombo, asionekane tena. Wala hakuwa na hofu, maana mtambo haumrudishii mtu barua yake mwenyewe. Mama Modesta asingeiona.

Alichosahau ni adabu ya huku milimani. Mtu mzima hakupi taarifa ukanyamaza, lazima uitikie. Jioni ile kila mwanachama alijibu, shikamoo mama, tumepokea, na majibu yote yakaenda kwenye anwani ya mtumaji. Mama Modesta akashangaa kuamkiwa na nusu ya milima kwa pamoja.

Alipoelewa aliumia sana, maana watu walikuwa wanatoa jasho la msimu kwa kuliamini jina lake. Akamwita mpwa wake Nasra, anayeusimamia ule mtambo. Hakutaka polisi. Alitaka afundishwe ujanja uleule.

Alhamisi Silvano alikuta umati, matenga, na mama lishe wawili wakigeuza pilau. Akauliza harusi ni ya nani. Akaambiwa sherehe ni yake mwenyewe, na kwamba watu wamefurahi sana alivyosema mali kauli hataki, atalipa taslimu.

"Nani kasema?"

"Wewe," alijibu Mama Modesta, akimwonyesha simu. "Barua imetoka kwenye anwani yako, na umesema tusikujibu, tukushukuru hapahapa. Au kuna mtu anaweza kuandika kwa anwani ya mwenzake, mwanangu?"

Silvano akapiga hesabu haraka. Akisema inawezekana, ataulizwa amejuaje, na kila mtu ataanza kuifikiria ile barua ya kwanza.

"Haiwezekani, mama," alisema. "Ni yangu."

Pikipiki yake ilinunuliwa palepale na dereva wa fuso. Simu na saa vikafuata. Wakulima walilipwa, wakala pilau, wakamwombea dua ndefu, naye akaitikia amina kwa sauti ya mfiwa.

Jioni fuso liliteremka Mombo, Silvano akiwa juu ya matenga. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na mali ya halali, na hakujua la kuifanyia ila kuiuza.