Ufunguzi Rasmi wa Kiwanda cha Barafu cha Chovae

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ushirika wa Wavuvi, Mheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti, Mheshimiwa Katibu ambaye naambiwa ni huyo huyo Makamu, masharifu, maimamu, wazee wenye ndevu na wazee mlionyoa, akina mama mlioketi mbele na akina mama mnaosukumana nyuma, jaalle wavuvi, jaalle mafundi wa mashua, maana siku hizi sote ni jaalle, ndugu wa mapinduzi, pamoja na mimi mwenyewe, Jaalle Abdulkadiri Gharibu, Mkurugenzi wa Idara ya Makisio ya Bahari, mwenye diploma mbili na ya tatu iko njiani: asalaam alaikum! (Waalaikum salaam. Badi, mvuvi wa kamba, kutoka nyuma: “Bwana mkubwa, fupisha! Kamba wangu wametoka majini tangu alfajiri!”)

Nimesikia, ndugu yangu, na nitafupisha katika kurasa kumi na tisa tu. Wewe uliyesimama na matenga mawili umetii tangazo letu, kwamba leo Alhamisi kila mvuvi alete kamba wake hapa uwanjani, wapate barafu ya kwanza katika historia ya kisiwa hiki, kwa sababu Idara yangu inafahamu fika kwamba mnunuzi wa Kismayo hamgusi kamba aliyekufa bila barafu. Jambo hilo tumelichambua, tumelijadili katika semina tatu, na tumelipigia mhuri. (Makofi. Wanawake wanamwagia maji magunia yaliyofunika matenga, kamba wasikauke.)

Zamani, jaalle, serikali ikitaka kujenga kiwanda iliwauliza watu: mwataka nini? Huo ulikuwa ushamba. Leo, katika mwaka huu wa 1978, tuna takwimu, tuna sampuli, tuna ekonometriki, na juu ya yote tuna regresheni. Regresheni, akina mama, ni mstari ulionyooka unaopita katikati ya taabu zote bila kugusa hata moja. (Bi Kaltuma, muuza mikate: “Kama gari lako, Jaalle!” Kicheko kirefu.) Asanteni, asanteni sana.

Sasa sikilizeni kazi tuliyoifanya. Karani wangu Aboud, huyu hapa mwenye daftari, alipofika mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu, akakuta wanaume wote wako baharini, hakuna wa kuhojiwa, akarudi na fomu tupu na kichwa kinamuuma. Ndipo mimi, kwa utaalamu wangu, nikaagiza aje siku ambayo sampuli iko nyumbani, imeoga, imevaa kanzu na imetulia. Nikachagua Ijumaa. Ijumaa hamsini na mbili, wavuvi sitini, na kila mmoja akaulizwa swali moja la kisayansi: leo umevua kilo ngapi? Na kila mmoja, bila kusita, akajibu: sifuri! (Kelele. Mzee Mbwana, baharia mstaafu, anasimama, kwa lahaja ya kisiwani: “Mwanangu, mchu wa Chovae havui Ijumaa! Babu yangu hakuvua, baba yake hakuvua!” Badi: “Mngeuliza ya jana yake!”)

Ya jana hayamo kwenye fomu, ndugu. Na wewe, mzee wangu, kwa heshima zote nikupe elimu kidogo: Ijumaa haimo ndani ya modeli. Modeli ina upepo, ina bei ya petroli, ina hata urefu wa wavuvi, lakini Ijumaa haina, na kitu kisichomo ndani ya modeli hakiwezi kuitwa sababu. Nilipoyapeleka majibu yenu Mogadishu, sifuri elfu tatu mia moja na ishirini, kompyuta haikupata hata joto. Wataalamu walinikumbatia. Kila mahali takwimu hupanda na kushuka kama watu wasio na adabu. Chovae peke yake imenyooka, uhakika asilimia mia moja! (Mwanapili, mke wa Badi, amechungulia chini ya gunia: “Baba Khamis, huyu mkubwa hachezi tena hata sharubu.” Badi: “Mmwagie maji.” “Maji yamekwisha!”)

Namshukuru mama huyu kwa taarifa ya papo kwa papo, tutaiingiza katika ripoti ya mwakani. (Bi Kaltuma: “Waryaa! Barafu iko wapi? Twaona pazia tu!”) Pazia, mama, ni utaratibu. Lakini kwa kuwa naona hamu yenu ni kubwa, nitaruka kurasa kumi na nne, ambazo zote zinanihusu mimi, tuingie moja kwa moja kwenye ufunguzi. Semeni nami: Takwimu, juu! (Sauti ya Aboud peke yake: “Juu!”) Sifuri ya uhakika! (“Juu!”) Barafu kwa wote! (Hapo wote, kwa nguvu: “Juu!”) Nakata utepe wa pazia!

(Pazia linaanguka. Nyuma yake kuna vijiti viwili, mchanga na bahari.)

Kwa niaba ya Idara, nawashukuru waashi, ambao hawakuhitajika, namshukuru fundi wa mitambo, ambaye hakuajiriwa, na nawashukuru hasa nyinyi, ambao majibu yenu yametuongoza. Kanuni yetu inasema kila kilo ya kamba ipewe kilo mbili za barafu, na nyinyi mlisema sifuri, kwa hiyo kiwanda hiki ni cha tani sifuri kwa siku, kimekamilika chote, kwa wakati uliopangwa, na hakikubakisha hata tofali moja. (Badi: “Majini! Jamani, rudisheni kamba majini!” Matenga yanabebwa mbio, wazee kwa akina mama. Vumbi. Kutoka ufukoni sauti ya Mwanapili: “Wako hai! Hata yule mkubwa!”)

Aboud, andika. Waliobaki uwanjani: mmoja. Wanaopiga makofi: mmoja. Wananchi wameridhika kwa asilimia mia moja. Asanteni.

(Aboud, kwa viganja vyote viwili, anaua nzi mwingine.)