Mtaalamu wa Mbegu Aambiwa Atulie

Jumatatu, 5 Mei

Majibu yametoka. Heri yangepotea.

Daktari Sue, wa kliniki ya Nakuru, amesema mbegu zangu ni chache, na hizo chache haziogelei sawasawa. Mimi! Micah Kigen! Miaka tisa nimepandisha ng'ombe wa Molo bila fahali, mbegu nazibeba kwenye mtungi wa naitrojeni nyuma ya pikipiki. Ndama wangu hawahesabiki. Mtoto sina hata mmoja. Miaka minne mimi na mke wangu Jepkoech tunangoja. Yeye alipimwa mwezi jana, hana kasoro yoyote. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfariji. Sasa sijui niyapeleke wapi.

Daktari akauliza kama navuta sigara. Hapana. Pombe? Mursik tu, maziwa ya kibuyu. Usingizi? Nikasema nalala kama watu. Jepkoech, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema naamka saa kumi alfajiri kila siku ili nifike kwa wafugaji kabla ya Kemboi.

Daktari akataka kujua Kemboi ni nani. Nikamweleza kwa kifupi, dakika ishirini. Kemboi ni mpandishaji mwenzangu, ikiwa neno hilo linamfaa. Anayeyusha mrija wa mbegu kwa maji ya chai! Mbegu ikizidishiwa joto imekufa, hata anayechunga mbuzi anajua. Na bado wanampigia simu. Na ana watoto watatu.

Daktari akaandika kitu, akakipigia mstari mara mbili. Akasema msongo wa mawazo ukikaa mwilini muda mrefu huvuruga homoni zinazoamrisha mbegu zitengenezwe. Akasema pia mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa. Nitulie, nilale, nirudi Agosti.

Agosti! Nani ana muda wa kutulia mpaka Agosti? Nimechukua miadi ya Jumanne ijayo kwa kudai nina swali. Siku nane zamtosha mtu mwenye bidii.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata siri ambayo daktari alininyima. Inaitwa serotonini. Simu inasema ni homoni ya furaha na utulivu, na ndizi zinayo, na jua huiongeza. Basi shida yangu ni upungufu tu, kama ng'ombe aliyekosa chumvi. Ng'ombe aliyekosa chumvi hahubiriwi. Anapewa chumvi.

Nimekula ndizi kumi na nne kabla ya saa sita.

Saa nane nilikuwa kwa Mama Abby, mkono ndani ya ng'ombe wake hadi kwapani, tumbo langu likanguruma mpaka ng'ombe akageuza shingo kunitazama. Nikaacha kazi katikati, nikakimbilia choo. Nilipotoka, Kemboi alikuwa getini na gambuti zake safi. Alikuwa anapita tu, eti. Akasema pole. Kemboi akisema pole, mtu unatamani kuumwa zaidi ili iwe ya haki.

Sikuongeza furaha yoyote leo.

Jumatano, 7 Mei

Ndizi ni za wanagenzi. Nimesoma kwamba kuna vidonge vinavyoinua serotonini moja kwa moja, wanapewa wenye huzuni kubwa. Nikaenda kwa Wangare wa duka la dawa. Akasema haviuzwi bila karatasi ya daktari. Nikajaribu cheo. Nikamwambia sisi sote ni watu wa afya. Akasema afya yangu mimi ina pembe.

Basi nikabuni njia. Nikakaa kwenye kiti chake, nikaficha uso, nikaanza kulia. Nilipanga kulia dakika mbili. Nilianza na sauti kwanza, machozi yafuate. Kisha nikafikiria kile chumba kidogo tulichokipaka rangi ya manjano mwaka tulipooana, ambacho sasa tunaweka viazi. Machozi yakaja yenyewe, na hayakutaka kukoma. Wateja watatu walihudumiwa nikiwa palepale.

Vidonge sikupata. Wangare alinipa kikombe cha chai na karatasi yenye mahali na saa: wanaume hukutana kila Alhamisi jioni katika ukumbi wa kanisa, kuna mshauri, wanazungumza mambo ya moyo. Nimeiweka chini ya godoro. Siwezi kwenda kuzungumza mambo ya moyo na watu ambao nimewapandishia ng'ombe.

Ijumaa, 9 Mei

Leo utulivu kamili. Nimezima simu saa nne hadi saa sita. Nilikaa uani nikiishika mkononi, nikiitazama jinsi ilivyozimika. Jepkoech akauliza kama imekufa. Nikamwambia napumzika. Akasema natoa jasho.

Saa sita kamili nikaiwasha. Mama Abby alikuwa amenipigia mara saba. Ng'ombe wake mkubwa, yule wa lita ishirini na tano, alikuwa ameingia joto la kutaka kupandishwa, na joto la ng'ombe halimngoji mtu atulie. Kemboi ameshamhudumia!

Nimeupiga teke mtungi wa naitrojeni. Mtungi ni wa chuma. Kidole gumba cha mguu kimevimba.

Jumamosi, 10 Mei

Molo hakuna jua. Wiki ya tatu sasa ni ukungu na mvua, mtu atapata wapi serotonini? Nimeteremka na pikipiki hadi kupita Kariandusi, kule chini Elmenteita ambako jua ni la bure. Na kuna chemchemi za maji moto! Watu hukaa ndani wakaondoa uchovu wote.

Nikaingia hadi kifuani. Raha niliyoisikia siwezi kuiandika. Karibu nami alikuwa mzee mmoja, akakaa dakika kumi, akatoka, akaniambia inatosha. Nikamwambia ndiyo kwanza naanza. Nilikaa saa tatu. Vijana walikuja wakaondoka, nikawashinda wote. Nilipotoka miguu ilikuwa laini kama kiazi kilichochemka, na moyoni hamna Kemboi hata kidogo.

Hii ndiyo tiba. Daktari Sue ataniomba niwafundishe wengine.

Jumapili, 11 Mei

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Baada ya mahubiri akina mama wa kanisa, Mama Abby akiwaongoza, walimwita Jepkoech mbele. Wakamzunguka, wakamwekea mikono, wakamwomba Mungu alifungue tumbo lake. Walitaja jina lake mara nyingi. La kwangu halikutajwa. Hakuna mtu Molo anayeweza kufikiri kwamba shida ni ya mtaalamu wa mbegu.

Nilipaswa kusimama. Maneno yenyewe ni machache: ni mimi, si yeye. Karatasi ya majibu ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nikainama nikafunga kamba za kiatu. Nilipomaliza nikafungua, nikafunga tena.

Jepkoech alirudi kwenye kiti, hakunitazama. Nyumbani alimenya viazi vya watu sita, na sisi tuko wawili. Nimejiona mtu mdogo sana. Nimekula ndizi mbili, hazikusaidia.

Jumanne, 13 Mei

Nakuru. Niliingia kwa Daktari Sue kifua mbele, Jepkoech nyuma yangu, nikamsomea orodha ya kazi niliyofanya. Ajabu, hakupiga makofi.

Serotonini ya ndizi, akasema, haivuki kuingia kwenye ubongo, inaishia tumboni. Nikamwambia hilo nimelithibitisha. Vidonge, akaendelea, ni dawa nzuri kwa anayevihitaji, na aliyeandikiwa asiviache bila kumwuliza daktari wake, lakini kwa wanaume wengine vinaweza kupunguza nguvu ya mbegu. Serotonini si ya kichwani pekee, hata korodani zinayo, na zinaitaka kwa kipimo. Si mbolea kwamba ukimwaga gunia unavuna gunia.

Nikajitetea kwa chemchemi. Nikamwambia saa tatu, maji moto, utulivu mtupu. Akaweka kalamu chini.

"Bwana Kigen, mbegu za fahali unaziweka wapi?"

Nikamwambia kwenye naitrojeni, nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri. Nikaongeza kwamba si kama watu fulani wa maji ya chai.

"Na zako, Jumamosi, ulizipeleka wapi?"

Nilichelewa kuelewa. Jepkoech alielewa mara moja, akafunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Nimemsema Kemboi miaka mitano kwa kosa hilohilo, na mimi nimejitumbukiza mzimamzima! Agosti ileile, akasema daktari, na sasa kwa sababu mbili.

Njiani tulisimama kula mahindi ya kuchoma. Kicheko cha Jepkoech kikaisha. Akaniambia polepole, bila hasira, na heri ingekuwa hasira: "Mtoto akija, akija. Lakini mimi nimechoka kuombewa ugonjwa wako."

Niliendelea kutafuna. Hindi lilikuwa bichi upande mmoja.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda kwenye ule mkutano wa wanaume. Nilikusudia kukaa nyuma, nisikilize, niondoke. Mshauri ni mzee Kahiga, mwalimu mstaafu, sauti ya chini. Tulikuwa tisa. Na wa tatu kutoka mlangoni ni nani? Kemboi!

Akasimama wa kwanza. Hata huko lazima atangulie. Akasema presha yake imepanda, miezi minane halali vizuri, kwa sababu inambidi aamke saa tisa na nusu ili anipite mimi ninayeamka saa kumi. Akasema ananiogopa. Akasema Kigen hahitaji kufundishwa kazi, Kigen ana mkono wa dhahabu. Akalia. Watu wote wakasema pole, mmoja akamshika bega, wakampigia makofi marefu sana.

Nilipaswa kuguswa. Niliguswa kidogo. Lakini makofi yale! Kwa presha tu!

Nikasimama. Nikatoa karatasi mfukoni. Nikasema, "Jepkoech hana shida yoyote. Mwenye shida ni mimi, na nimewaacha mumwombee yeye." Nikasoma idadi, nikasoma mwendo, nikaeleza na chemchemi. Kisha makofi, na niliyahesabu kwa saa ya ukutani. Yangu yalizidi ya Kemboi kwa sekunde kumi na mbili.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mama Abby alikuwa ameshapiga simu kuomba msamaha kwa niaba ya akina mama wote. Jepkoech alikuwa mlangoni. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka chakula kikapoa, akasema asante, akalia kidogo, na mimi pia. Viazi amevitoa kwenye kile chumba. Nimefurahi kuliko siku nyingi, na hilo naliandika lilivyo. Ile ya sekunde kumi na mbili sikumwambia.

Mzee Kahiga ametupatanisha. Mimi na Kemboi tumepeana mikono: hakuna anayetoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, wafugaji tunagawana kwa barabara, na kila asubuhi kabla ya kazi kila mmoja akae kitandani avute pumzi ndefu mara kumi. Alhamisi ijayo tutaeleza nani amepata utulivu gani.

Kemboi amesema atavuta kumi. Mimi nitavuta mia tatu. Nimetega kengele saa tisa.