Karteri ya Mzee Hamood

Jumatatu, 9 Juni 1997
Mwanvua amerudi kwa mama yake. Hataki mume wa mipango, anataka mume wa kazi. Sawa! Kazi imekuja leo leo. Mzee Hamood, mwenye duka la vitambaa hapa Buyenzi, anataka Volkswagen yake imbebe bintiye Kaltum arusini Jumamosi. Nikifaulu, malori yake yote ni yangu kutengeneza, na mke atarudi. Shida ni karteri, lile ganda la moteri. Ni ya magneziamu, chuma chepesi, imeliwa, inatoa unga mweupe. Seifu, fundi jirani, anasema embargo, vikwazo vya nchi jirani, imebana, tusubiri nyingine kutoka Uvira. Mvivu!

Jumanne, 10 Juni
Gazeti la Kifaransa linasema magneziamu ikipakwa seramiki hailiwi tena. Seramiki ni nini? Choo cha kizungu! Nimeokota kimoja kilichovunjika nyuma ya hoteli, nimekitwanga kwenye kinu cha Mwanvua. Lakini kwanza chuma kisafishwe sana. Nimeiloweka karteri kwenye ndoo ya maji ya ndimu. Ikachemka bila moto! Uchafu unakimbia.

Jumatano, 11 Juni
Karteri nayo imekimbia. Ndimu imeitoboa, kidole kinapita. Lo! Seifu amechungulia, akauliza kama natengeneza chujio. Nimeziba mashimo kwa unga wa choo na gundi, nikaichoma kwenye tanuru la Murhula, mwoka mikate.

Ijumaa, 13 Juni
Nyeupe, inang'aa! Nimeifunga garini. Mzee Hamood ameiona, akasema mashallah. Murhula analalamika eti mikate inanuka gundi. Mutu wa wivu.

Jumamosi, 14 Juni
Moteri ilipopata moto, seramiki ikabanduka vipande vipande. Mafuta yote chini, mbele ya msikiti. Kaltum alishuka analia, viatu mkononi. Seifu akambeba kwa pikapu yake. Malori amepewa yeye. Mzee hakunifokea, aliniambia tu nisipite tena dukani kwake. Imeniuma kuliko matusi.

Jumapili, 15 Juni
Nimemfuata Mwanvua kwa mama yake, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Atarudi kesho, kwa sharti moja: mi nisiguse tena kitu cha mutu bila ruhusa. Nimeapa, walahi. Sasa yeye na mama yake wametoka kununua ndagala, vile visamaki vya ziwani. Cherehani ya mama mkwe, inayolisha nyumba nzima, ina kutu kidogo. Nimeshaifungua yote. Siki nimeiona jikoni. Nataka wakirudi waikute imetakata.