Mkimbiaji Hana Mfuko

Leo nimeaibika. Na sikuaibika polepole nikiwa nimekaa. Nimeaibika mbio, mchana peupe, Kitengela nzima ikinipigia makofi.

Wacha nianzie mwanzo. Wiki mbili zilizopita tuliambiwa mbio kubwa za marathon zitapita kwetu, kutoka mjini kuelekea Isinya. Kitengela ikapata wazimu. Nyumba za wageni zilijaa. Jirani yangu alihamishia watoto wake sebuleni ili akodishe chumba chao. Kinyozi wa stendi alianza kuchora bendera kwenye vichwa vya watu. Kila mtu alikuwa na mpango isipokuwa mimi, na mimi ni mtu wa biashara kwa kuzaliwa (kwetu ni Murang'a, mnatujua). Nimeolewa huku Umaasaini mwaka wa tisa sasa, na mama mkwe wangu, Yeiyo, bado husema naweza kumuuzia mtu kivuli chake.

Basi nikaitisha mkutano wa kikundi chetu cha akina mama wenye ng'ombe. Nikasimama. Nikawaambia: mgeni njoo, mwenyeji apone! Maziwa ya siku ya kuamkia mbio tusimpe yule mtu wa pikipiki anayeyapeleka mjini. Tuyagandishe yawe mala, tuyapange kando ya barabara, tuwauzie wageni wenyewe kwa bei ya wageni.

Mwenyekiti wetu, Mama Nashipae, aliniangalia sana.

"Na ikibaki?"

"Haiwezi kubaki."

"Sawa. Lakini hiyo ni maziwa ya nyumba zetu zote. Ikipotea, tutaongea na wewe."

(Mtu akikuambia "tutaongea" kwa upole namna hiyo, ogopa.)

Leo saa moja asubuhi meza ilikuwa tayari. Kitambaa cheupe. Vikombe vya karatasi vimejaa mala baridi, vimepangwa kwa mistari. Bei niliiandika kwenye boksi. Namba ya simu ya kulipia niliiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, nikaibana kifuani kwa pini nne ili mteja asihangaike kuitafuta. Yeiyo alikuja kunisaidia kumimina, na alikuwa amevaa shanga zake zote za sherehe.

Watazamaji walikuwa wengi, lakini walikuwa watu wa hapa hapa, na watu wa hapa wanajua bei ya mala. Kijana mmoja alisoma boksi langu mara mbili.

"Mathe, hii ni maziwa ama ni petroli?"

Nilikuwa nawangoja wakimbiaji.

Wakaja. Wale wa mbele walipita bila kugeuza shingo. Kundi la pili likaja, mkono ukanyooshwa, kikombe kikaenda. "Asante mathe!" Mkono mwingine. Kikombe kingine. Kumbe nyuma kidogo kulikuwa na meza ya maji ya bure, kitambaa cheupe kama changu, na hawa walidhani mimi ndiye meza ya pili!

"Ndugu, pesa! Ni ya kuuza hiyo!"

Hapo ndipo nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona wiki mbili zilizopita. Kaptura, fulana, viatu. Basi. Mkimbiaji hana mfuko. Hana simu. Hana hata ndururu. (Mkutano mzima wa akina mama, na hakuna aliyewaza hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nahutubu.)

"Yeiyo, wazuie!"

Yeiyo alikuwa anajaza vikombe haraka kuliko wanavyovichukua.

"Niwazuie aje? Mtu anakimbia hivi kwa jua, ako na shida. Mwenye kiu hauziwi maziwa."

Na kwa kweli kwao ni hivyo. Mpita njia hupewa maziwa kabla hata hajaulizwa anatoka wapi. Nililijua hilo miaka tisa, na bado nilimweka yeye asimamie mtungi.

Kisha akapita mwanamume wa fulana ya manjano. Akachukua viwili. Viwili! Nilihisi maziwa ya kina mama wote yakishuka kooni mwake, na nikatoka mbio.

Nilikuwa na gambuti na aproni. Akageuka, akaona mwanamke ana namba kifuani anamfuata kwa hasira, akadhani anapitwa. Akaongeza mwendo. Nami nikaongeza.

"Songa mathe! Huyo umempata!" watu wakapiga kelele. Mtu mmoja mwema akanimwagia maji kichwani. Nilitaka kueleza, lakini pumzi haikuwepo. Pikipiki ya kamera ikaja ikawa sambamba nami, na nikaendelea nayo hadi kona ya kituo cha mafuta, ambapo msimamizi mmoja alinishika bega.

"Mama, namba yako haiko kwa listi."

Nilirudi kwa miguu, nimelowa. Mtungi wa mwisho ulikuwa mtupu. Mkimbiaji mmoja kijana alikuwa amesimama katikati ya mashindano, ameinamisha kichwa, na Yeiyo amemwekea mkono kichwani kumsalimu kwa desturi yao. Mtangazaji alikuwa hapo na kipaza sauti, matangazo ni ya moja kwa moja.

"Mama, umewapa wageni maziwa yote bure. Na yule aliyekuwa anawakimbiza, unamjua?"

Yeiyo aliniangalia. Maji yalikuwa yananitoka puani.

"Huyo simjui."

Kina mama wote walikuwa kwa Mama Nashipae, mbele ya televisheni. Niliumia, sitawaficha. Nilikaa juu ya mtungi nikingoja simu ya "tutaongea".

Saa nane simu ikalia. Hakuwa Mama Nashipae. Ilikuwa hoteli moja mjini, waliisoma namba kifuani mwangu kwenye televisheni; imejaa wageni wa mbio, wanataka maziwa yetu kila asubuhi. Nikarudi kuwa mtu wa Murang'a papo hapo.

"Karibu sana! Unaongea na mwenye biashara."

"Hapana," akasema mtu wa hoteli. "Tunataka yule mama wa shanga."

Nikampa Yeiyo simu. Akakubali kila kitu kwa utulivu, kisha akasema, "Nitatuma maziwa na msichana wangu. Utamjua, anakimbia vizuri."

Kwa hivyo kesho alfajiri nitakuwa barabarani na mtungi. Ukiniona, nisalimie tu. Usiniulize nilimaliza nambari ngapi.