Ujumbe wa Mama kwa Shangazi

Jumatatu, 6 Mei
Leo mwalimu wa Kiingereza ametufundisha usemi wa taarifa: jinsi ya kueleza kwa Kiingereza alichosema mtu mwingine. Ijumaa kuna jaribio. Atakayeshinda atasoma habari mbele ya shule nzima! Nafasi hiyo naililia tangu mwaka jana. Kasuku, binti wa mwenye duka la dawa, ameshaanza kujikohoza kama mtangazaji. Na sauti yenyewe ni ya mlango usiotiwa mafuta.

Nahitaji mazoezi. Nyumbani, bahati iliyoje! Shangazi ameunguza sufuria ya Mama. Mawifi hawasemeshani. Kila mmoja ananituma kwa mwenzake.

Jumanne, 7 Mei
Mama alisema nimwambie wifi yake kwamba aliyeunguza ndiye atakayesugua. Shangazi alijibu kwamba yeye ni damu ya nyumba hii, hakuja na sanduku kama watu fulani. Nilifikisha yote, kisha nikayaandika kwa Kiingereza. Ukurasa mzima! Baba alikula akiutazama ukuta.

Jumatano, 8 Mei
Balaa. Shangazi ameisugua sufuria mpaka inang'aa. Mama alisema nimwambie ahsante. Ahsante! Nitajifunza nini hapo? Nikamwambia Shangazi kwamba Mama alisema hatimaye mikono yake imepata kazi. Shangazi alifura kama maziwa motoni. Kurasa mbili.

Alhamisi, 9 Mei
Wamegongana mlangoni kwangu, kila mmoja akija kuniuliza mwenzake alisema nini hasa. Wakalinganisha neno kwa neno. Nilieleza kwamba nilikuwa nikisoma. Waliangua kicheko, wakashikana mikono. Sasa wanakunywa chai pamoja, na asiyesemeshwa ni mimi. Mama alimwambia Baba aniambie nisugue sufuria zote. Baba alisahau nusu ya ujumbe. Hana kipaji.

Ijumaa, 10 Mei
Kasuku ameshinda. Kwenye jaribio kulikuwa na sentensi ya mkulima aliyesema amechoka. Mimi nikaongeza kwamba alimlaumu mkewe. Mwalimu alisema mkulima yule hakuwa na mke. Sijui alijuaje.

Kisha alinituma nimwambie Kasuku asome polepole, asiogope. Ujumbe umepooza hivyo! Nikamwambia Kasuku kwamba mwalimu alisema anasoma kama anayefukuzwa na nyuki. Kasuku amelia, ameapa hasomi ng'o. Mwalimu ananiita ofisini, upesi.

Nimechana nywele. Bila shaka anatafuta msomaji.